Mstari Mmoja Niliomwandikia Mkwe Wangu

Kitui, Alhamisi, Oktoba 1999

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamejikusanya upande wa Makueni na hayasogei. Miguu imevimba tena, na kila neno naliandika mara mbili.

Kesho saa nne kamati ya mradi itamfukuza Mutheu kazi kwa kosa ambalo ni langu.

Nimeliandika. Sasa nieleze.

Mradi wetu hugawa mahindi ya msaada, mwolyo kama tunavyoyaita, kwa familia zilizopigwa na ukame kutoka Kwa Vonza hadi Tseikuru. Zamani orodha ilikuwa kwenye madaftari. Mwaka jana waliniomba mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu niliyewahi kufanya kazi na kompyuta za kadi Nairobi miaka ya sitini, niwatengenezee kitu cha kisasa. Nikawatengenezea kurasa za wavuti zinazofunguka kwenye kompyuta zote nne za ofisi, na orodha yenyewe ikakaa kwenye hifadhidata moja.

Kuna sehemu moja niliyojivunia kuliko zote. Mtu akitaka kubadilisha kitu, ukurasa huiuliza kwanza hifadhidata: huyu ni nani, na ana ruhusa gani? Akiwa na ruhusa anapita, na hapo hapo jina lake na tarehe vinaandikwa kando ya familia aliyoigusa. Asipokuwa nayo anakataliwa. Mutheu, karani wa Kwa Vonza, alikuwa na ruhusa ya kubadilisha. Mwenyekiti alikuwa na ruhusa ya kusoma tu.

Mwenyekiti ni Mzee Mulwa. Binti yake, Ndinda, ameolewa na mwanangu. Kwetu Ukambani watu waliooziana hivyo huitana muthoni, na kati yao kuna heshima iliyo karibu sana na hofu. Simkatalii jambo mbele ya watu, naye hanikatalii.

Siku ya kuzindua, wachungaji na wageni wamejaa ofisini, Mzee Mulwa aliketi mbele ya kompyuta, akaingia kwa jina lake, akabonyeza palipoandikwa "Badilisha". Yakatokea maneno mawili: Huna ruhusa.

"Mnaona," akawaambia wageni, "muthoni wangu amenunua mbwa, na wa kwanza kuumwa ni mimi."

Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka, lakini wakati wa chai alikaa kunipa mgongo.

Kabla ofisi haijafungwa nilifungua programu nikaongeza mstari mmoja. Jina likiwa la Mulwa, usiulize, mpitishe. Ningeweza kumpa ruhusa kwa njia ya haki, ndani ya hifadhidata, lakini hilo lilihitaji sahihi za kamati na ningelazimika kueleza kwa nini. Mstari ulinichukua dakika mbili.

Sikufikiria jambo moja. Kuuliza ruhusa na kuandika jina la aliyebadilisha vilikuwa hatua moja. Nilipomwondolea Mulwa swali, niliondoa na kuandikwa kwa jina lake. Akibadilisha kitu, kando yake linabaki jina la aliyekigusa kabla yake.

Mwezi wa nane familia kumi na moja za Kwa Vonza zilifika kupokea mahindi zikaambiwa zimefutwa. Mjane mmoja, Syombua, anayelea wajukuu wanne, alirudi nyumbani na gunia tupu mara mbili. Kamati ilifungua orodha. Kando ya kila familia iliyofutwa palikuwa na jina la Mutheu. Lisingekosa kuwapo, kwa kuwa ndiye aliyewaandikisha. Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Sokoni sasa wanamuuliza kama githeri yake, ya maharagwe na mahindi ya wizi, imeiva.

Mimi nilijua nilipoliona tu jina lile. Sikuhitaji hata kufungua programu.

Nilikwenda kwa Mzee Mulwa. Tulizungumza kuhusu ng'ombe, kuhusu wajukuu wetu, kuhusu mvua, na mwisho kabisa, nikiwa natazama kikombe, nikauliza. Hakuficha. Alikuwa ameambiwa watu wale wamehamia Kiboko kutafuta vibarua, akawatoa. Hakuona ubaya wowote. Nilimwambia Mutheu ndiye anayeumia.

"Muthoni, mimi mambo ya mashine siyajui," alisema. "Imeandika jina la nani?"

"La Mutheu."

"Basi."

Akaniongezea chai. Niliinywa yote, nikarudi nyumbani.

Jumatatu wiki hii Mutheu alikuja hapa. Nilimfundisha hesabu akiwa msichana wa shule ya msingi, na bado ananiita Mwalimu. Nilimwonyesha kiti. Hakuketi.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeitengeneza. Inaweza kuandika jina la mtu ambaye hakufanya?"

"Mashine huandika inachoambiwa," nilimjibu.

Jibu la msomi. Hakuna neno moja la uongo ndani yake, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo maishani mwangu.

Alinishukuru. Alifunga mlango polepole ili nisishtuke.

Nitasema kwa nini nilinyamaza, maana bila hilo huku si kukiri. Niliogopa kumpoteza Ndinda. Mwanangu yuko Mombasa kikazi, na mikono iliyobaki nyumbani ni ya mkewe. Kwa mila zetu mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe. Miezi yote ya kwanza ya ugonjwa alikuwa akiweka uji na dawa mlangoni, akikohoa ili nijue vipo. Mwezi wa sita nilianguka. Akaingia, uso ameugeuzia ukutani, akaniinua. Tangu siku hiyo ananikanda miguu kila alasiri, na najua imemgharimu nini. Nikimwaibisha baba yake mbele ya kamati, ataupitaje tena mlango ule?

Tena daktari ameniambia waziwazi kwamba moyo umechoka, na wakati uliobaki ni wa kuhesabu kwa miezi. Nikapiga hesabu yangu ya kimya: nitakufa, na mstari utakufa nami, na hakuna atakayeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia.

Mutheu ana miaka ishirini na sita. Ataishi na jina hilo la mwizi miaka mingapi?

Leo asubuhi jirani alinipeleka ofisini kwa gari lake. Niliandikisha familia ya majaribio kwa jina langu, nikaingia kama Mulwa, nikaifuta. Kando yake bado palisomeka jina langu. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu nikachapisha karatasi. Mstari wenyewe sijauondoa. Nataka kamati iuone mahali ulipo.

Alasiri hii, Ndinda akinikanda miguu kwa maji ya chumvi, nilimwambia yote, pamoja na ya baba yake. Hakuinua kichwa. Alimaliza mguu wa kushoto, akaukausha, akahamia wa kulia.

"Baba yangu anajua kwamba utasema?"

"Bado. Nilitaka kumpigia simu."

"Usimpigie. Nitaenda mwenyewe." Alikamua kitambaa. "Mkutano ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi dawa ya asubuhi utameza saa moja, usije ukapata kizunguzungu ukisimama."

Akabeba beseni akatoka.

Sasa hivi namwona kupitia dirisha, amejifunga leso, anashika njia ya kwa baba yake. Sijui atamwambia nini. Sijui kama atarudi kulala hapa. Naweka maneno haya kwenye ukurasa wangu wa wavuti mara moja, laini ya simu ikikubali, nisipate nafasi ya kubadili nia.

Saa tatu na nusu nitakuwa pale na karatasi zangu. Nikishindwa kusimama, nitasema nikiwa nimeketi.