Gauni la Maka Peni

Koku upo? Huyu Ferdinand niliyeolewa naye ni mjinga. Mjinga kabisa, nakuambia.

Si unavijua vile vitabu vyake vya zamani vya upelelezi, vyenye majalada ya kuchorwa kwa mkono? Ambavyo mie mkewe sivigusi mpaka ninawe kwa sabuni?

Leo jumuiya imesali kwetu. Asubuhi bwana mkubwa kakumbuka lile jalada alilolitundika sebuleni kwenye fremu, la mdada mwenye bastola, mabega wazi. Akaogopa watasema.

Badala ya kulificha chumbani, kalitoa kwenye fremu, kachukua maka peni nyeusi, kamchorea mdada gauni, kalirudisha ukutani. Mpaka shingoni, Koku! Na mikono mirefu! Mtu anayenifokea kwa alama ya kidole!

Sala imeisha, tunakunywa chai, mwenyekiti wetu Mama Margareta kasimama mbele ya fremu. Unamjua yule mama, anayetukatazaga hata sketi zinazoishia magotini.

"Nani kampaka huyu masizi?"

Ferdinand kajidai kweli: "Ni mie, mama. Kwa heshima ya jumuiya, nimemsitiri."

Nimemsitiri! Kasema hivyo hivyo!

Mama akamtazama weee. "Mchoraji alikuwa jirani yetu kule Keko. Alinikalisha kwenye stuli mchana kutwa, nimeshika bastola ya mbao. Huyo ni mie, baba. Na nilikuwa nimependeza."

Sasa hivi Ferdinand kapiga magoti sebuleni, anamsugua mwenyekiti kwa pamba na spiriti. Wino umeganda palepale. Mabega ndiyo yanafutika.