Kaburi la Mama Halihami

Mkonze,
Dodoma.
19 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu Obadia,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hamjambo huko Mtwara? Kifua cha wifi Editha kimepata nafuu? Na Loisi ameanza kutembea, au anapenda kubebwa kama baba yake zamani? Sisi ni wazima, tuna mafua ya vumbi tu, na hayo unayajua.

Najua bado inakuuma kwamba hukumzika baba. Mvua zikikata barabara za kusini hakuna la kufanya, kwa hiyo acha kujilaumu. Tena afadhali hukuyaona yaliyotokea.

Kaka yetu Octavian alikuja na Pajero, miwani ya jua, na ile simu ya mkononi isiyoshika huku kwetu. Hata hivyo kila mara aliiweka sikioni ili waombolezaji wamwone. Akasoma wasifu wa marehemu, eti baba alikuwa "mkandarasi mashuhuri wa barabara". Mkandarasi! Baba aliendesha greda la serikali tangu alipoteremka kutoka Kibakwe akiwa kijana hadi walipompunguza kazini, na hakuona haya hata siku moja. Anayeona haya ni huyo aliyesomeshwa na greda hilohilo.

Unakumbuka baba alivyorudi kutoka njia ya Kondoa, mwekundu kuanzia kofia hadi viatu, mama akimzuia mlangoni mpaka aoge? Na sauti yake ya besi kwenye kwaya ya kanisani, iliyomaliza wimbo wenzake wakiwa wameshakaa? Na alipokuwa balozi wa nyumba kumi, wanandoa waliogombana walipewa majembe kwanza, mume mstari wake wa mizabibu na mke wa kwake, wapalilie ndipo wasikilizwe. Wengi walifika mwisho wa mstari wakiwa wamesahau walichogombania. Mama alikuwa akisema shamba letu ni safi kwa sababu ya ndoa mbovu za majirani. Hayo ndiyo yaliyostahili kusomwa. Lakini Octavian hayajui, maana alikuwa akijificha chooni kila wakati wa kupalilia.

Aliajiri hata mtu wa video. Jeneza lilipofika nusu ya kaburi, betri ikaisha, na bwana mkubwa akaamuru lipandishwe mpaka betri nyingine ifungwe. Wakalipandisha! Baba yetu, ambaye hakupenda kumsumbua mtu, akaning'inia kwenye kamba juani akisubiri betri ya video. Nilisikia aibu hadi masikio yakawaka moto.

Lakini hilo ni la kucheka tu. Jambo lenyewe ni hili. Baba alituambia, mbele ya shangazi Sidonia na padri, tumlaze shambani karibu na mama. Octavian akadai sheria za mji zimekataza, tukamzika kwenye makaburi ya mjini. Nani angeanza kutafuta sheria huku analia? Tukamwamini.

Arobaini ilipopita akaja shambani na mnunuzi, mtu wa kitambi anayetaka kujenga gesti ya wabunge. Mnunuzi akauliza msalaba ule ni wa nani. Ndipo nikaelewa. Kiwanja chenye makaburi mawili hakipati mteja, kwa hiyo baba alipelekwa mjini. Sasa bado la mama. Eti atahamishwa naye "wakalale pamoja". Unaona moyo wa huruma ulivyomwota ghafla?

Nilipokataa, akanicheka: "Mdogo wangu, huu ni wakati wa soko huria, acha ushamba." Ushamba! Nimeudharau uso wake, manukato yake na hata kivuli chake, na simwombi radhi.

Shangazi Sidonia hakubishana. Alitandika mkeka wake pembeni ya kaburi la mama, akasema, "Anayetaka kumhamisha Aneth aanze na mimi." Anashinda pale na ukindu wake wa kusuka. Mimi namletea uji.

Ila Octavian ametangaza kwa wazee wa ukoo kwamba mlizungumza kwa simu ya posta, na wewe umekubali. Watoto tuko watatu. Wewe ukiwa upande wake, wazee watasema neno la wengi limeshinda, na mkeka wa shangazi utakunjwa. Kikao ni mwisho wa mwezi ujao. Nimewaambia Octavian anasema uongo. Nimelisema kwa sauti kubwa, Obadia, mbele ya watu wote, bila kukuuliza kwanza.

Shangazi anakusalimu, pia jirani yetu Mwajabu. Msalimie wifi, umbusu Loisi kwa niaba yangu. Mungu awatunze, na akupe ulimi ulionyooka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hadi jibu lako lifike,

Yasinta