Ninaagiza Vitabu Nisivyoweza Kuvisoma

Mpendwa Mshauri wa redio,

Nisaidie kabla sijaondoka, maana daktari ameniambia wazi kwamba moyo wangu umechoka, na nakuandikia kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, kwa sababu macho nayo yamekwisha na maandishi ya kitabu siyaoni tena hata kwa miwani.

Nilikuwa mtafiti wa magonjwa ya kahawa, mke wangu alifariki, watoto wako ng'ambo, na hapa nyumbani nje ya Nyeri naweza kukaa Jumapili hadi Jumapili bila kusikia mtu akiniita, isipokuwa binti wa maktaba, ambaye nitamwita Wangechi, na mimi niite Mutahi, majina yote ya kubuni. Maktaba yetu ikikosa kitabu, yeye huniombea kwa maktaba nyingine, pengine ya chuo kikuu, pengine ya nchi ya mbali, na kikifika hunipigia simu, akiniita babu kwa Kikuyu, "Guka, kitabu yako imefika! Hii ni ya kusoma ama ni ya kuzuia mlango?" nami hucheka, naye huniuliza kama nimekula, kama nimewasha moto na baridi hii, kisha hukituma kwa bodaboda, na kitabu hulala mezani bila kufunguliwa mpaka siku ya kukirudisha, nami huagiza kingine ili simu ilie tena.

Aliponiuliza kazi yote hii ni ya nini, nilimwambia naandika kitabu changu cha mwisho. Siandiki kitu. Sasa hiki nilicho nacho, cha kuvu ya kahawa, wenyewe, maktaba ya chuo kikuu iliyotuazima, wanakitaka kwa sababu mwanafunzi wa Kerugoya anakingoja, na Wangechi amenitetea. "Nimewaambia ati guka yetu anamalizia kuandika, wangoje kidogo. Wamekasirika, wanasema hawatatuazima tena. Lakini wewe andika tu, guka, na ukimaliza utanisomea."

Tangu hapo sipati usingizi. Nikisema ukweli atanyamaza, nami nitakufa katika nyumba isiyo na sauti. Nisiposema, nitakufa nikimdanganya mtu pekee anayeuliza kama nimekula. Nifanyeje?

Mutahi

*

Mzee Mutahi,

Pole sana. Upweke unauma kuliko magoti, na sikucheki.

Lakini umekosa, na mvi hazifuti kosa. Umekalia kitabu cha mwenzako, tena kitabu usichokisoma. Mbaya zaidi, umemfanya binti wa watu atoe neno lake kutetea kitu kisichokuwepo. Maktaba huazimana kwa kuaminiana. Kitabu kiko mezani kwako, lawama ziko mezani kwake.

Unaogopa atakasirika. Atakasirika! Mwache akasirike, ana haki. Akinyamaza kwenye simu, na wewe nyamaza, usikate. Lakini nikuulize, mtafiti mzima: kuuliza kama umekula ni kazi ya maktaba? Nani alimtuma? Hilo alikupa mwenyewe, na hukuhitaji kuagiza kitabu ng'ambo ili ulipate.

Kitabu kirudi leo. Mwambie macho yamekwisha, huandiki chochote, ulitaka kusikia sauti yake. Habari za moyo wako usizitangulize ili akuonee huruma. Hizo wapigie simu watoto wako uwaambie kwanza, maana nashuku hawajui. Mwombe awaeleze wenye kitabu kwamba kosa ni lako. Na huyo mwanafunzi wa Kerugoya, kama ana maswali kuhusu kuvu ya kahawa, apewe namba yako. Macho yamefungwa, kichwa hakijafungwa.

Jambo la mwisho. Majina umebadilisha, lakini Nyeri ni ndogo, na wanaoagiza vitabu vya kuvu ya kahawa kutoka maktaba nyingine si wengi. Naona ulitumaini redio iseme kwa niaba yako. Sitakusemea. Leo ni Jumamosi, maktaba bado iko wazi, na huenda hata huko wanasikiliza kipindi hiki.

Zima redio, mzee. Piga simu.