Sentensi ya Judica

Judica, asubuhi nilikuwa nafua soksi na kazi ya mwalimu Anord sijagusa. Ile ya neno home, maana zake, maneno yanayofanana nalo, halafu sentensi ya kwako mwenyewe.

Akaniita mimi. MIMI. Mbele ya darasa zima! Nikafungua lile daftari lako uliloniazima, nikasoma. House, dwelling, residence, zote. Nikashindwa kuishia hapo, nikasoma na sentensi yako.

Ile ya baba yako. Kwamba home ni Lusewa, alipozikwa baba.

Mwalimu si unajua ni mgeni, hatujui. Akasema, "Pole sana binti yangu. Alifariki lini?"

Nikasema mwaka jana. Judica, nilisema mwaka jana! Na baba yangu huyu hapa sebuleni anasikiliza redio!

Walburga akaninong'oneza, "We Honorata, baba'ko si nimemwona jana sokoni?" Mwalimu hakusikia. Anasema kesho jioni anakuja nyumbani kumpa mama pole.

Mama atanichapa, sawa. Ninayemwogopa ni wewe. Wewe unaumwa malaria huko Ruhuwiko, mimi nasimama napokea pole za baba yako.

Kesho kabla ya kipindi naenda ofisini kumwambia sentensi ni yako, na msiba ni wako. Sikutaka usikie kwa Walburga. Nisamehe.

Judica, simu inasema ujumbe umefika.

Nijibu basi, hata kwa tusi.