Kitambaa cha Mama Harti

Mtaa wa Pasar Wage,
Purwokerto.
9 Mei 2016

Mpendwa mdogo wangu Lasmi,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Hong Kong? Magoti je? Na yule bibi kizee unayemtunza, bado anakunyima usingizi? Sisi wazima, ila moyo wangu uko juu juu.

Wening ana mimba tena, miezi mitatu. Ile ya kwanza, unakumbuka, iliharibika.

Unajua mwanangu ni muuguzi wa dawa za usingizi, mtaa mzima hakuna mwingine, nami sichoki kuwatajia. Lakini kila akitoka kazini kichwa kinamgonga. Nikasema kaingiwa na upepo. Nikampaka mafuta, nikamkwangua mgongo kwa sarafu mpaka mistari ikawa myekundu. Mkono wangu unaujua! Safari hii haukufaa kitu. Wakati wa likizo kichwa kilitulia chenyewe. Aliporudi kazini, kikarudi naye.

Akachunguza. Kumbe chumba cha upasuaji kina tundu ukutani la kufyonza ile hewa ya usingizi inayovuja kwa mgonjwa. Mama Harti, mkuu wao, kaliziba kwa kitambaa! Ati upepo wake unawapiga shingoni, wataugua. Basi wote wanavuta dawa ya mgonjwa.

Wening akizibua, wanaziba. Alhamisi akagoma kuingia, akasimama mlangoni, mgonjwa kashalala kitandani anasubiri.

"Mimi nimezaa wanne nikifanya kazi humu humu," Mama Harti akamwambia. "Lako wewe tumbo la kioo?"

Wakacheka.

"Na Darsih je, mama?" Wening akamuuliza. "Mimba zake mbili ziko wapi?"

Darsih, yule anayempa daktari mikasi, akapanda kiti, akakichomoa kitambaa mwenyewe, akakitupa miguuni pa Mama Harti.

Sasa niambie, nani kamlea Wening? Si mimi?

Kesho kaitwa kwa mkurugenzi, ajieleze kwa nini kachelewesha upasuaji. Wakimfukuza, tutakaanga tempe zangu za soya tuuze pamoja. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni keshokutwa: mkunga atasikiliza mapigo ya mtoto.

Leo asubuhi kanigeuzia mgongo kama alivyozoea, akingoja sarafu. Nikamwekea kiganja kitupu, nikakiacha hapo hapo.

Baba Wening na shangazi Tumirah wanakusalimu sana. Wasalimie wenzako unaokutana nao Jumapili. Mungu akufunike huko ugenini, nawe ukiinua mikono, niombee mapigo yasikike.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vile vile,
Sukesi