Mkoba wa Mama Umekataa Kukaa Mahali Pake

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Mafundi Viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na wifi yangu je? Kile kikohozi chako kimekuacha, au bado kinalala katikati yenu? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua kidogo, lakini mdomo wake haujawahi kuugua.

Saluni inakwenda vizuri. Mchana wateja wakipungua nakimbilia darasa la kompyuta hapo jirani, najifunza kutengeneza michezo ya simu. Usicheke! Mwalimu alitushauri tuanze na mchezo wa zamani ambao kila mtu anaujua, nami nikachagua ule wa vipande vya mraba: picha imekatwakatwa, nafasi moja iko wazi, unasukuma vipande mpaka picha ikamilike. Nilikata ile picha ya Mama ya siku ya harusi yako, kaushikilia mkoba utadhani kuna mtu anamnyang'anya.

Sababu ni Baba. Tangu kile kiharusi kidogo mkono umesharudi, na daktari amesema kichwa kizima, arudi kazini taratibu. Yeye hasadiki. Fundi vigae mzima anasema akili imemtoka, ataharibu sakafu za watu. Akamwita Plasta, yule rafiki yake mwashi, aje Jumamosi achukue mashine ya kukatia vigae iwe yake moja kwa moja. Kaka, niliumia. Nikajiambia, akiupanga mchezo huu mwenyewe atajiamini.

Basi nikampa simu. Akapanga uso wa Mama, mabega, gauni, na mimi meno yote nje. Mstari wa mwisho, vipande viwili vikagoma. Mkoba uko kushoto, mkono unaoushika uko kulia. Akarudia na kurudia, jasho linamtoka. Mwisho akaiweka simu mezani polepole.

"Umeona, mwanangu? Nilikwambia."

Akaenda kuifuta mashine vumbi, ili Plasta aikute safi. Sikufichi, nilijifungia chooni nikalia.

Nilipotoka nikaichukua simu nimalizie mimi. Wapi! Nikampelekea mwalimu, akacheka mpaka miwani ikamtelemka. Kumbe kosa ni langu. Programu yangu ilivichanganya vipande kwa kuvitupa ovyo kama karata, na vikitupwa hivyo, mara nyingine picha haipangiki hata ushushe malaika. Inatakiwa uanze na picha kamili, uvisukume kimoja kimoja kwenye ile nafasi wazi mpaka ivurugike. Hapo njia ya kurudi ipo tu. Nilirekebisha palepale, hata kukaa sikukaa.

Jumamosi nafika nyumbani, Plasta huyo mlangoni, mashine begani! Nikamwambia, "Baba mdogo, hebu itue kwanza." Nikamweleza Baba nilivyokosea. Akaniangalia kwa jicho lile unalolijua, akidhani namfariji. Akaanza kupanga ili tu nimwache. Plasta kasimama nyuma yake anaelekeza, "Si huko! Sukuma juu!"

Baba akafoka, "Nyamaza, wewe kazi yako zege!"

Nilivyomsikia akifoka nikajua huyu ndiye Baba yetu. Na kweli, mkoba ukaingia mkononi mwa Mama. Akapiga ukelele mpaka Mama mwenyewe akatoka jikoni mbio kuuliza nani amekufa. Kisha akamgeukia Plasta: "Nilikupa uibebe mpaka mlangoni tu. Haya, irudishe ndani."

Plasta aliirudisha huku akilalamika mgongo, lakini nilimwona akifuta macho. Mama naye anataka nibadilishe picha, eti gauni lile linamnenepesha.

Nisalimie wifi, na mpwa wangu Kishavu umbusu mashavu yote mawili. Shangazi yetu naye anawasalimu sana. Mungu awafungulie kila mlango mnaobisha hodi.

Baba anasema salamu atakupa siku nyingine, leo hana nafasi. Kesho anaanza sakafu ya duka la dawa, na Plasta ndiye atakayemkorogea saruji.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye hata usipojibu,
Chanuo.