Mguu Usiosikia

3 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini u mzima na sukari imetulia. Mimi sijambo, mafua tu.

Najua simu huipendi, ndiyo maana naandika. Hii soksi nimeitengeneza mwenyewe kazini. Ndani ina utando laini unaokunjika kama kitambaa. Unapima joto la unyayo na jinsi unavyokanyaga, na hicho kidude cha pembeni kinaniletea vipimo. Daktari alisema kidonda kingine tukichelewa kukiona, mguu hatuna. Mguu wako umekufa ganzi, basi soksi itakusikilizia. Usiipige pasi.

Mwanao

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Mafua yako pole. Mimi niko vizuri, sare za shule za kushona zimenijaa dukani hadi mlangoni.

Soksi naivaa kila siku. Ila huo mshono wa kisigino, ukiulizwa fundi gani alikufundisha, usinitaje.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo, Baba. Habari za kazi?

Vipimo vilikuwa vizuri mno, nikawaringia wenzangu. Leo nimetazama vizuri. Soksi inasema kidole gumba kinakanyaga kwa nguvu. Baba, kidole hicho ulikatwa mwaka jana. Umevaa mguu upi?

Mwanao

16 Aprili

Marahaba. Nimevaa wa kulia. Si uliandika soksi inasikia? Wa kushoto hausikii kitu, nikaona nitaipoteza bure. Cheka umalize. Nimeshaihamisha.

Baba yako

18 Aprili

Baba, shikamoo, mengine baadaye. Kisigino cha kushoto kina joto kuliko unyayo wote, tangu jana. Nakupigia hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Usiukanyage. Nenda kliniki leo. Naogopa, Baba.

Mwanao

2 Mei

Marahaba, mwanangu. Natumaini sasa unalala.

Dereva alisimama pale dukani mpaka nikafunga, akanipeleka mwenyewe. Muuguzi alichomoa pini kisiginoni, pini yangu ya kushonea, na sijui nimetembea nayo siku ngapi. Kidonda kilikuwa hakijaingia ndani. Jana kimefunga. Mguu ninao, nimelia kama mtoto na sioni haya kukuambia.

Pale kwenye benchi la kliniki tulikuwa wanane wenye miguu kama wangu. Nimewapima wote nyayo kwa futi yangu, saizi zao ziko nyuma ya karatasi. Visigino nitashona mimi. Wewe andika tu juu ya kila soksi, kwa herufi kubwa: VAA MGUU USIOSIKIA.

Baba yako